Paji la Amito

Machi 3

Leo nimenyang'anywa nusu ya kazi yangu, tena mbele ya watu, na nikapigiwa makofi. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikubali kwa moyo mweupe.

Byron, mwongozaji wa filamu, alitukusanya kwenye stoo kuukuu ya Port Bell, Kampala, kando ya reli, ambayo ndiyo tumeifanya chumba cha mapambo. Akatangaza kwamba safari hii idara ina wakuu wawili. Nywele ni mimi, Zuleika. Nyuso ni Lamwaka. Huyo Lamwaka amerudi juzijuzi kutoka Johannesburg na masanduku ya silikoni ya ngozi bandia na pua iliyoinuka juu. Mimi nina tuzo mbili za mapambo na nywele, zote nilizipata nikiwa peke yangu. Yeye ana kadi ya jina inayong'aa.

"Anti Zule, mutafanya kazi kama sista na sista," Byron akaniambia.

Nikamjibu kwamba sista wangu yuko Kibuli, anaitwa Rukiah, na hata huyo tunagombana.

Filamu ni ya mjane wa askari wa Kinubi, tangu siku ya arusi yake mpaka uzee. Itakuwa ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, Kiswahili cha kambini, na Byron ameamuru wote tukiongee kazini, hata wabeba taa, ili ndimi za waigizaji zizoee. Mimi nimezaliwa nacho pamoja na Kinubi. Wengine wanakivunja mifupa kutwa nzima na mimi nasikiliza.

Mjane mwenyewe ataigizwa na msichana anayeitwa Amito, binti wa polisi, Mwacholi aliyekulia kwenye kambi ya polisi, barakisi ya Nsambya. Hajawahi kupewa nafasi kubwa. Mwacholi awe mjane wa Kinubi! Nilimtazama anavyojifunga kitambaa kichwani, kama anafunga gunia la mkaa, nikageukia ukuta.

Mwisho Byron akatupa mfupa: mwishoni mwa mwaka filamu itapelekwa kwenye tuzo, na kwenye mapambo na nywele ataandikisha jina moja tu la mkuu. Ataamua kazi ikiisha. Lamwaka akanitazama, nami nikamtazama. Tumeelewana kwa hilo tu.

Machi 4

Nimefunga. Lamwaka amekula chapati na mayai mbele ya kioo changu, taratibu, akijilamba vidole. Stoo imenuka mayai mpaka alasiri.

Machi 7

Vita imepata uwanja wake, nao ni upana wa kidole kimoja.

Amito akiwa bibi arusi hana tabu: namsuka, anapakwa poda, basi. Tabu ni uzee. Lamwaka anambandika paji la silikoni lenye makunyanzi, mimi namvisha wigi ya mvi niliyoitia unywele mmoja mmoja kwa sindano kwenye wavu mwembamba. Wavu huo lazima ugandishwe mahali nywele zinapoanzia. Silikoni nayo lazima iishie hapohapo. Sasa pale pakutanapo ni pa nani?

"Hapa ni ngozi, na ngozi ni yangu," Lamwaka alisema. "Wigi itakaa juu ya silikoni."

"Wigi inakaa juu ya mtu. Mimi nimevisha watu wigi wewe ukiwa bado unakimbizana na madaftari ya praimari."

"Ulivisha maarusi, madam Zuleika. Hii ni sinema. Kamera inaona kila kitu."

Maarusi! Mbele ya wabeba taa! Nilikuwa na kitana mkononi, na kama si mfungo ningekitumia vingine. Amito alikuwa amekaa kitini katikati yetu, macho amefumba, akijifanya haelewi.

Tulimwendea Byron kama watoto. Alikuwa kwenye simu. Akasema tukubaliane wenyewe, yeye si fundi wa vichwa.

Hatukukubaliana.

Machi 10

Mvua. Bati la stoo limepigwa kutwa, kipaza sauti hakisikii chochote, hatukupiga picha hata moja. Amito amekaa na uzee wake usoni bure.

Machi 13

Siongei tena na Lamwaka. Naye haongei na mimi. Tunamtumia Amito.

"Mwambie huyo mwenzako aondoe brashi zake kwenye meza yangu."

"Madamu Lamwaka, Anti anasema brashi."

"Mwambie meza ni ya Byron."

"Anti, anasema meza ni ya Byron."

Msichana anapeleka maneno bila kutia chumvi wala kupunguza. Nilitaka aonyeshe yuko upande gani, haonyeshi. Jana niliwasikia wawili hao wakiteta Kiacholi nje, nikajua wananiseng'enya. Leo nimemuuliza, akasema Lamwaka alikuwa anamuuliza kama mimi huwa ninacheka.

Utaratibu wa asubuhi ni huu. Nafika kwanza, namsuka ile misuko ya kulala ambayo Kampala wanaiita biswahili, nampaka gundi yangu pajini, nalaza wavu. Anakuja Lamwaka, anakuta gundi yangu kwenye "ngozi yake", anaifuta kwa dawa yake ya kubandua, anaweka gundi yake na silikoni. Akienda kunywa chai, narudi mimi, nainua ukingo wa silikoni, nafuta gundi yake kwa spiriti yangu, naweka tena ya kwangu. Sitaki kusema ni akili. Nasema tu kwamba kwenye kamera ukingo wangu hauonekani, wa kwake unaonekana, na Byron ana macho.

Machi 19

Amito anajikuna. Nikamwambia aache mikono yake mbali na kazi yangu.

"Anti, inawasha."

"Gundi yangu nilikujaribia nyuma ya sikio kabla hatujaanza. Iliwasha?"

"Hapana."

"Basi si yangu. Muulize huyo na maji yake ya Johannesburg."

Akamuuliza. Nilisikia jibu, maana stoo ni moja: "Ya kwangu nilijaribu kwa mkono wako, ndani hapa. Iliwasha? Haikuwasha. Basi ni ile gundi ya maarusi."

Machi 20

Mvua tena. Nimefuturu kwenye bodaboda, tende mbili na maji ya chupa, nikiwa nimelowa mpaka chupi.

Machi 24

Namuwongo imefurika. Amito anakaa kule chini karibu na reli, na maji yaliingia kwao mpaka kwenye godoro. Niliposikia nikasema leo hatakuja, na moyoni nikafurahi kupata siku ya kupumzika. Nilipofika stoo nikamkuta ameshakaa kitini, tope mpaka magotini, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri. Namna ya bibi zetu kabisa, ncha moja imefichwa nyuma ya sikio.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe. Nakuangalia kwa kioo kila siku."

Nikamwambia anyooshe shingo.

Nilimsimulia Rukiah nyumbani. Rukiah ni mtu wa maneno machache na yote mabaya. Akasema, "Huyo mtoto ndiye anafanya kazi, nyinyi wawili munachapana juu ya kichwa yake." Nikamwambia yeye hajui sinema. Akasema kweli hajui, lakini vichwa anavijua, amezaa vinne.

Machi 31

Idi imepita. Byron alinitumia kilo mbili za nyama na ujumbe wa heri. Lamwaka hakutuma kitu, nami sikutegemea.

Aprili 3

Sasa tumeingia maonyesho ya uzee tu, kila siku. Mvua inaanza tukimaliza kumpamba, kama imewekewa saa. Byron haruhusu tumvue maana mbingu ikifunguka kidogo anataka kukimbilia mwanga. Basi Amito anakaa na silikoni, wavu, gundi mbili na joto la bati, anasubiri. Jasho halina pa kutokea. Leo tulisubiri mpaka mchana ukapotea, tukamvua bila kupiga picha.

Nilipobandua wavu wangu niliona ngozi imekuwa nyekundu na inang'aa. Nikampaka mafuta ya nazi. Kesho yake Lamwaka (naandika tarehe nne hapa hapa, nimechoka) alinusa mafuta hayo, akamwambia Amito kwa sauti ya kunifikia: "Mafuta! Nani mjinga anaweka mafuta, silikoni itashika wapi?" Akasugua kwa dawa yake ya kubandua mpaka pamba ikatoka na rangi. Amito alishika mikono ya kiti. Nilimwona kwenye kioo. Nikainamia wigi yangu nikaendelea kuchana.

Aprili 8

Amito ametuomba tumpumzishe siku moja. Alituomba wote wawili kwa pamoja, akasimama katikati ya stoo kama hakimu.

"Mimi sitaki kwenda kwa Byron. Yule dada aliyepewa mjane kwanza aliugua malaria siku chache, akatolewa, ndiyo mimi nikaingia. Nikisema naumwa, nitatoka. Lakini nyinyi munaweza kumwambia gundi imekwisha. Ama wigi inaoshwa. Siku moja tu, hapa ikauke."

Akainua nywele. Paji pale juu lilikuwa limechubuka mstari mzima, kutoka sikio hadi sikio, na katikati palikuwa pabichi.

Ilikuwa rahisi. Wigi inaoshwa, nani angebisha? Lakini nikisema wigi yangu inaoshwa, ni mimi niliyesimamisha kazi, na Lamwaka atakuwa yule ambaye vifaa vyake viko tayari. Najua alifikiri hivyohivyo kuhusu gundi yake. Nilimsubiri aanze. Akanisubiri nianze.

Nikasema, "Mwambie mwenzangu apunguze dawa yake, utapona."

Lamwaka akasema, "Mwambie aache kuinua ukingo wangu."

Amito hakumwambia mtu yeyote kitu. Alikaa kitini akafumba macho. Namchukia Lamwaka, na jioni hii nimegundua kwamba sijipendi sana mimi mwenyewe.

Aprili 11

Nitaandika yote, kwa utaratibu.

Leo lilikuwa onyesho kubwa. Mjane, mzee sasa, analetewa habari mlangoni kwamba mwanawe wa mwisho amekufa. Anavua kitambaa chake mbele ya wanaume waliomletea habari, kitu ambacho mama wa Kinubi wa umri ule hakifanyi akiwa na akili zake. Hilo la kitambaa nilimwambia Byron mimi, alipokuwa anataka mjane agaregare chini kama kwenye tamthilia za televisheni. Nilijivunia hilo wiki nzima.

Tulimpamba tangu asubuhi. Mimi, yeye, mimi tena. Amito hakusema "inawasha" wala "inachoma". Nikamfunga kitambaa juu ya wigi, nikakikaza kwa sababu Byron alitaka kikae chini, karibu na nyusi. Mvua ikaanza. Tukasubiri. Bati likapiga kelele mpaka mtu huwezi kusikia mawazo yako. Amito alikaa wima kwenye kibenchi, hali, hanywi. Lamwaka alimpelekea maji, akakataa. Nikampelekea mimi, akakataa pia. Nikafurahi kwamba alikataa ya Lamwaka kwanza. Ndivyo nilivyo.

Alasiri mvua ikakatika ghafla na jua likatoka upande wa ziwa. Byron akaja mbio anapiga kelele, "Twende, twende, mwanga!" Hatukupata hata dakika ya kumkagua.

Wanaume wakasimama mlangoni, wakasema yao. Amito akawatazama. Hakulia. Akapeleka mkono kichwani, akashika kitambaa, akakivuta.

Kitambaa kilikuwa kimegandana na yote yaliyo chini yake. Gundi yangu na yake zilikuwa zimechanganyika na jasho na majimaji ya kidonda, zikawa kitu kimoja. Kilikuja kitambaa, kikaja na ukingo wa wigi, kikaja na silikoni, na kikaja na ngozi. Nilisikia. Nasema nilisikia, kama mtu anayechana shuka kuukuu. Damu ikateremka juu ya jicho, ikafuata makunyanzi ya Lamwaka moja moja mpaka kidevuni.

Mtu yeyote angepiga ukelele. Mimi ningempiga Byron kwa kiti. Amito alikaa chini polepole, akaweka kile kitambaa magotini, akakikunja. Akakikunja tena. Akakipiga pasi kwa kiganja, na damu inadondokea juu yake, naye anaifuta kama mama anayefuta mchuzi. Kisha akawatazama wale wanaume akawaambia maneno yake kwa sauti ya kawaida: "Karibuni ndani. Mumetoka mbali."

Byron hakusimamisha kamera. Alipokuja kusema kata, alikuwa analia.

Halafu akaanza kupiga makofi. "Nani ametengeneza hii damu? Hii kitu ya ngozi kutoka, nani? Hamukuniambia! Vizuli kabisa, vizuli mpaka naogopa!"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Ni sisi wawili," Lamwaka alisema nyuma yangu. "Tulitaka kukushangaza."

Sisi. Tangu tuanze hajawahi kulitamka neno hilo, na alipolitamka lilikuwa la uongo. Byron akanigeukia, uso wote meno. Nami nikaitikia. Nikasema, "Ndiyo. Ilikuwa siri." Amito alikuwa bado chini na kitambaa chake. Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira hata kidogo, na ningependa angetutukana.

Stoo tulifunga mlango. Tulimsafisha pamoja, mimi na Lamwaka, kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mikono yetu iligongana na hakuna aliyeuvuta wake. Ghafla Lamwaka akaniuliza, moja kwa moja, bila mjumbe:

"Ulijaribu gundi yako juu ya dawa yangu?"

"Nilijaribu gundi yangu. Wewe ulijaribu spiriti yangu juu ya gundi yako?"

"Nilijaribu yangu."

Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba ngozi hujaribiwa kwa vyote vitakavyokaa juu yake, kwa mpangilio uleule. Kila mmoja wetu alijaribu ya kwake, tukaona imetosha, kwa sababu kujaribu pamoja kungetaka tuongee. Tumemchuna mtoto wa watu kwa sababu ya kununiana.

Nikavua eproni. Nikasema naenda kumwambia Byron ukweli, liwe liwalo.

"Usiende," Amito akasema.

"Mwanangu, hii si kitu ya kuficha."

"Anti, sikia. Ukimwambia, ataogopa. Atatupa hiyo teki, hiyo picha ya leo, ataleta damu ya rangi, ataniambia nirudie. Mimi siwezi kurudia. Hiyo nilifanya mimi. Uliona?"

"Niliona."

"Wewe madamu, uliona?"

Lamwaka aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

"Basi. Watu wataona sura yangu. Sura si ya gundi. Wacha wao waite damu ni yenu, mimi sitaki damu. Nataka ile tuzo nyingine, ya mwigizaji."

Nikamwahidi. Wote wawili tukamwahidi. Na niandike hapa, kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika, kwamba ahadi ile ilinipa nafuu, maana ilinisaidia mimi kuliko yeye.

Aprili 12

Tumempeleka kliniki moja huku Nateete, mbali na macho ya watu wa filamu. Daktari aliuliza ni moto wa nini. Amito akasema ni dawa ya nywele. Kovu litabaki, daktari amesema, na nywele za mbele pale hazitaota tena.

Aprili 15

Amemaliza maonyesho yake yote ya ndani na kitambaa kimeteremka juu ya bendeji. Byron anasema kitambaa kile kimempa Amito heshima mpya. Huyo mwanamume angeona nyumba inaungua angesifu mwanga.

Aprili 22

Naongea na Lamwaka sasa. Tunaongea vizuri, kwa upole, kama washirika wa wizi. Nilikuwa na raha zaidi nilipokuwa namchukia waziwazi.

Mei 2

Kazi imeisha. Byron alitoa hotuba, akasema ameamua: kwenye tuzo ya mapambo na nywele yataandikwa majina yote mawili, kwa sababu ya "lile paji". Sehemu itakayopelekwa kwa majaji ni ile ile, kitambaa na damu. Watu wakatupigia makofi. Nilimtafuta Amito kwa macho, nikamwona anapiga makofi pia, taratibu, kwa adabu.

Rukiah nilimwambia yote leo. Nilitaka anitukane nipumzike. Alimenya ndizi zake, akanisogezea kisu nimsaidie.

Mei 9

Mvua zimekatika. Nafunga kijitabu hiki.

Novemba 15

Nimekifungua tena, kwa siku hii tu.

Tuzo zilitolewa mchana, kwenye ukumbi wa hoteli, kwa sababu usiku ukumbi haukupatikana. Amito alikaa safu mbili mbele yetu. Alivaa wigi yenye nywele zilizokatwa mbele mpaka kwenye nyusi. Si kazi yangu; mishono yake ilikuwa ya haraka na rangi haikumfaa. Hakuniomba nimtengenezee, nami sikuthubutu kujitolea.

Walianza na mwigizaji bora wa kike. Jina la Amito lilikuwamo. Nilishika mkoba mpaka vidole vikaniuma, nikaomba dua ambayo sijawahi kujiombea mimi. Mwenyekiti wa majaji, mama mmoja wa miwani, alisoma maelezo mafupi ya kila aliyependekezwa. Kwa Amito alisema hivi, nimeyashika neno kwa neno: "Kijana huyu ana utulivu mzuri, ingawa katika onyesho lake kubwa mapambo yamefanya kazi nyingi kuliko mwigizaji." Akampa tuzo mwingine.

Amito hakugeuka. Shingo yake ilibaki imenyooka, kama nilivyomfundisha.

Kisha ikaja zamu yetu. Wakazima taa, wakaonyesha ile sehemu. Kwenye kioo kikubwa kile damu ni pana kama mto. Ukumbi ukaguna, mwanamke mmoja akasema "Banange!" akajifunika macho. Wakataja majina yetu. Wakasimama. Ukumbi mzima ulisimama, hata mama wa miwani.

Lamwaka alishukuru kwanza, Kiingereza kizuri, machozi mawili matatu. Akanipa kipaza sauti. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyabeba tangu Aprili, yamekaa tayari mdomoni: kwamba ile si damu yetu, kwamba mmemnyima mtoto chake mkatupa sisi tuliomuumiza. Nikamtazama Amito nipate ishara, ya ndiyo ama ya hapana. Hakunipa ishara yoyote. Alikuwa anasubiri kuona nitafanya nini.

Nikamshukuru Mwenyezi Mungu, na Byron, na wazazi wangu marehemu. Nikashuka.

Nilijiambia kwamba niliahidi. Ni kweli niliahidi. Lakini ahadi ile ilikuwa kwa ajili ya ile tuzo nyingine, na ile tuzo nyingine ilikuwa imeshakwenda kwa mtu. Hakukuwa tena na kitu cha kulinda jukwaani pale isipokuwa mimi.

Nje kwenye baraza, watu walitubana na simu zao. Byron akaja anamkokota bwana mmoja wa Nairobi, mtayarishaji, suti ya buluu, mcheshi. Ana filamu inaanza Januari, ya vita. Akatushika mikono yote minne kwa pamoja.

"Lile jeraha, dada zangu, sijawahi kuliona popote. Ngozi ilivyotoka! Nataka lilelile. Mnaweza kulirudia?"

Lamwaka akanitazama. Nikatazama kile kisanamu cha tuzo kwapani mwangu. Na hapo nikaona kwamba Amito amesimama ubavuni pangu, alikuwa njiani kwenda kutafuta usafiri, mkoba begani, amesikia.

"Wanaweza," akamwambia yule bwana, kwa adabu yake ileile. "Waulize tu hii mara wanataka kichwa ya nani."

Yule bwana akacheka sana, akamwambia Byron wasichana wa Kampala wana utani. Lamwaka akacheka. Nami, Mungu aniangalie, nilicheka pamoja nao, mpaka Amito alipokwisha kushuka ngazi.